Mcheza Kwao Hutunzwa? Timu Ndogo za Eastlands, Nyota Wake na Sisi Mashabiki

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019 mambo mawili yalitokea Nairobi. Uwanjani Kasarani, Kariobangi Sharks, timu iliyozaliwa katika mtaa wa kina yahe, iliifunga Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti 4-3 baada ya kutoka sare ya bao 1-1. Siku hiyo hiyo mzee Joe Kadenge alifariki dunia. Huyu ndiye yule ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilifanya jina lake msemo wa taifa zima kwa maneno matatu tu, "Kadenge na mpira". Mpaka leo mtu akishika jambo peke yake bila kumpa mwenzake nafasi, Wakenya humwambia maneno hayo, hata wale ambao hawakuwahi kumwona Kadenge akicheza.

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua kandanda ya Eastlands, siku ile moja inakutosha. Yumo mnyonge anayemwangusha mwenye nguvu. Yumo nyota anayependwa na watu asiowajua. Na limo swali la kinachobaki baada ya kelele kwisha. Nimeandika makala haya kwa ajili yetu watu wa Pwani ambao Eastlands tunaisikia kwenye taarifa za habari, mara nyingi kwa mabaya, nasi hatujui kwamba mitaa ile ndiyo iliyotoa baadhi ya wachezaji waliolibeba jina la Kenya mbali zaidi. Nina neno moja pia la kusema kuhusu sisi mashabiki, nitalifikia.

Eastlands ni wapi

Eastlands si mtaa mmoja. Ni upande mzima wa mashariki ya Nairobi. Unaanzia Muthurwa na Pumwani karibu na katikati ya mji, unafuata Jogoo Road hadi Makadara, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, na kwa upande wa kaskazini unashika Mathare, Huruma, Kariobangi na Korogocho.

Mtu wa Mombasa akisikia majina ya baadhi ya mitaa hiyo hajioni mgeni: Majengo, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Bahati, Maringo. Ni Kiswahili kitupu. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika, na miongoni mwa waliojenga nyumba za mwanzo pale Majengo walikuwamo Waislamu waliotoka huku kwetu, pamoja na wengine waliosilimu huko huko mjini. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba walihamishiwa Shauri Moyo. Mimi mwenyewe nilikaa Majengo kwa mjomba wangu miaka miwili nikisomea diploma, na siku ya kwanza nilishangaa kukuta mahamri na mbaazi asubuhi na adhana ya Magharibi ikisikika mpaka kiwanjani ambapo vijana walikuwa bado wanakimbizana na mpira.

Mitaa mingi ya zamani ilijengwa na serikali ya kikoloni, baraza la mji na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi. Vyumba vilikuwa vidogo, kwa hivyo maisha ya vijana yalikuwa nje. Baadhi ya mitaa, kama Kaloleni, ilipata ukumbi wa jamii na uwanja wa kuchezea, na pale ndipo timu zilipoundwa. Makabila yaliyokuja kutafuta kazi yalikutana uwanjani kabla ya kukutana kwenye siasa. Klabu kubwa mbili za Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards, zina mizizi ya mashabiki katika mitaa hiyo tangu enzi ya wazazi wetu.

Viwanja vyenyewe vina historia yake. Uwanja wa City ulio kando ya Jogoo Road umeona vizazi vyote vya wachezaji wa Kenya, na baada ya kifo cha Kadenge ulipewa jina lake. Camp Toyoyo uko Jericho. Ziwani ndiko linakochezwa Koth Biro, shindano la mtaani lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina hilo ni la Kijaluo, maana yake mvua inakuja. Huchezwa ligi kubwa zinapopumzika, na mchezaji wa ligi kuu hujikuta anakabwa na kijana wa mtaani ambaye hana hata viatu vya maana. Hapo hakuna anayeuliza jina lako, wanaangalia mguu wako tu.

Mathare: pointi za mpira na pointi za takataka

Mwaka 1987 raia mmoja wa Kanada, Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo Nairobi, aliwaona watoto wa Mathare wakicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Akawapa sharti: mkifanya jambo kwa ajili ya mtaa wenu, nami nitawafanyia jambo. Vijana wakasafisha mitaro na kuzoa taka, naye akawatafutia mipira na waamuzi. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA.

Utaratibu wa MYSA unafaa kujulikana, kwa sababu ndio uliokifanya chama hicho kisiwe kama vyama vingine. Timu ikishinda mechi inapata pointi zake kama kawaida. Lakini timu ikitoka kusafisha mtaa inapata pointi pia, na pointi hizo zinaingia kwenye jedwali moja la ligi. Timu yenye mafundi wa mpira isiyojitokeza siku ya usafi inaweza kupitwa na timu ya wastani inayoshika ufagio. Kijana anayefundisha wadogo, anayechezesha mechi au anayejitolea kwa kazi nyingine anajikusanyia pointi zake mwenyewe, na anayefanya vizuri analipiwa karo ya shule. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulikitunukia chama hicho tuzo yake ya Global 500.

Mwaka 1994 MYSA ikaunda timu ya wakubwa, Mathare United. Mwaka 1998, ikiwa bado daraja la pili, timu hiyo ikabeba Moi Golden Cup, kombe la mtoano ambalo vigogo wote wa ligi kuu walikuwa wakilitamani. Ikalibeba tena mwaka 2000. Mwaka 2008, chini ya kocha Francis Kimanzi, ambaye mwenyewe ni zao la MYSA, ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Timu ya mtaa wa mabanda ilikaa juu ya Gor na Tusker, zenye jina na mashabiki.

Kenya ilipokwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia mwaka 2004, kikosini walikuwamo vijana kadhaa waliopitia Mathare. Mmoja wao ni Dennis Oliech, aliyetoka Mathare United mwaka 2003 kwenda Qatar, kisha akacheza miaka mingi Ufaransa akiwa na Nantes na Auxerre. Kule Tunisia Kenya iliifunga Burkina Faso 3-0, na huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali hizo.

Wasichana nao hawakusahauliwa. Doreen Nabwire alizaliwa Korogocho, akaanzia mpira MYSA, akaja kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya, kule Ujerumani. Mtoto wa kike wa Korogocho aliyesikia habari hiyo aliambiwa jambo ambalo hakuna kitabu cha shule kilichowahi kumwambia.

Kariobangi Sharks na maumivu yetu ya Bandari

Sharks walianzishwa mwaka 2000 katika mtaa wa Kariobangi. Walisota katika madaraja ya chini miaka mingi, kisha chini ya Nick Mwendwa, aliyekuja kuwa rais wa shirikisho la soka la Kenya, wakajipanga na kuingia ligi kuu msimu wa 2017. Mwaka 2018 wakabeba kombe la FKF Shield. Hawakuwa na mashabiki wa kujaza uwanja. Walikuwa na vijana wenye mbio na kocha William Muluya aliyewaamini.

Januari 2019 wakasafiri Dar es Salaam kwa mashindano ya SportPesa Super Cup. Mshindi alikuwa anapata dola 30,000 pamoja na nafasi ya kucheza na Everton. Watanzania walikuwa na Simba na Yanga, na wengi walidhani fainali itakuwa yao wenyewe kwa wenyewe. Sharks wakaitoa Yanga. Na Simba alitolewa na nani? Na Bandari yetu, kwa mabao 2-1. Kwa mara moja vigogo wawili wa Kariakoo walikaa jukwaani wakiangalia timu mbili za Kenya zikicheza fainali katika mji wao. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Fainali ile Sharks walishinda 1-0. Nakumbuka maskani yetu usiku ule ilivyonyamaza. Tulikuwa tumeshaiona Bandari kichwani mwetu ikipambana na Waingereza. Miezi michache baadaye, mwezi Juni, Bandari ililipiza kisasi kwa kuifunga Sharks 3-1 kwenye fainali ya kombe la mtoano la Kenya, na kwa ushindi huo ikapata tiketi ya mashindano ya Afrika. Kwa hivyo tusilie sana.

Ila tiketi ya Everton ilikuwa ya Sharks. Kabla yao, Gor Mahia, klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini, ilikutana na Everton mara mbili. Julai 2017 Dar es Salaam ilifungwa 2-1, siku ambayo Wayne Rooney alirudi kuvaa jezi ya Everton na kufunga kwa shuti la mbali. Novemba 2018 ikaenda mpaka Liverpool ikafungwa 4-0. Kilichomshinda mkubwa kikafanywa na mdogo. Ni kweli ilikuwa mechi ya kirafiki na Waingereza walikuwa wanajinyoosha kabla ya msimu. Lakini mmoja wa wachezaji wa Sharks wa wakati ule, Duke Abuya, baadaye alicheza Zambia, kisha akaenda Tanzania, na mwaka 2024 akasajiliwa na Yanga, ile ile timu ambayo Sharks waliitoa. Mechi moja inaweza kumfungulia mtu njia hata kama kombe lenyewe halikuwa kubwa.

Nyota wa Muthurwa

Sasa tuje kwa nyota. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama ni watoto wa Noah Wanyama, aliyekuwa mchezaji wa AFC Leopards. Walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na wote wawili walisoma shule ya upili ya Kamukunji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kiwanda cha wachezaji.

Mariga alitoka Tusker akaenda Sweden mwaka 2005, kisha Parma ya Italia. Januari 2010 alikaribia kusajiliwa na Manchester City, lakini kibali cha kazi cha Uingereza kikakwama. Watu wakasema bahati imempita. Siku hizo hizo akachukuliwa na Inter Milan ya José Mourinho, na mwezi Mei klabu hiyo ikabeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Victor alifuata nyayo: Sweden, Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic iliifunga Barcelona ya Lionel Messi 2-1, na bao la kwanza lilitoka kwenye kichwa cha kijana wa Muthurwa. Mwaka 2013 Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 akahamia Tottenham. Aliiongoza Harambee Stars kama nahodha kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri.

Mapenzi ya watu kwake yalivuka mpaka. Mwaka 2016 barabara moja jijini Dar es Salaam ilipewa jina lake, ingawa kibao kiliondolewa muda mfupi baadaye. Tulicheka, lakini jambo lenyewe linaonyesha nyota ana nguvu kiasi gani: mtu wa nchi jirani anataka jina lake liwe kwenye mtaa wake.

Nyota anafanya nini kwa shabiki? Mimi naona kuna nyota wa aina mbili, nao hawafanyi kazi moja. Yuko nyota wa mbali, yule wa runinga, Messi na Ronaldo. Huyo anakufurahisha, unanunua jezi yake mtumba, unanyoa nywele kama yeye. Halafu yuko nyota wa karibu, ambaye mama yako anamjua mama yake. Huyo anakuonyesha njia. Nikiwa Majengo kijana mmoja jirani aliniambia, "Mjomba, Mariga alikuwa anapita hapa hapa akienda shule." Hakunieleza mabao yake hata moja. Kwake habari kubwa ilikuwa kwamba amepita hapa hapa.

Mtoto anayemtazama Messi anaota. Mtoto anayemwangalia Mariga anapiga hesabu: alisoma wapi, alicheza timu gani, alianza akiwa na miaka mingapi, nani alimsaidia. Timu ndogo kama Mathare na Sharks zina thamani hiyo hiyo, ni ngazi ambayo mtoto anaweza kuigusa kwa mkono.

Hata hivyo nguvu ya nyota ina mpaka. Novemba 2019 Mariga aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya chama kilichokuwa madarakani, akashindwa na Imran Okoth wa ODM. Watu walipiga picha naye, wakampigia kura mwingine. Kumpenda mtu kwa mguu wake hakukuondolei akili ya kuamua mambo mengine, na hilo ni jema.

Ushabiki unapomla mtu

Hapa ndipo lilipo neno langu. Mei 2009, baada ya Arsenal kutolewa na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kijana wa miaka 29 wa Embakasi, humo humo Eastlands, alijitoa uhai. Desemba 2013, Manchester United ilipofungwa na Newcastle, kijana mwingine wa Nairobi, wa mtaa wa Pipeline, naye akafanya hivyo. Sitaki kuwataja majina, wana wazazi. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Sisemi kwamba mpira peke yake ndio uliowaua, kwa sababu mtu anayefikia hapo huwa amebeba mengi ambayo wenzake hawakuyaona. Lakini mzigo wa mwisho ulikuwa matokeo ya timu ambayo haikujua kama wao wapo duniani. Ukimwona rafiki yako anabadilika baada ya mechi, hali, hasemi, halali, usimtanie. Kaa naye.

Angalia pia tunavyogawana mapenzi yetu. Jumamosi na Jumapili vibanda vya video vya Eastlands, sawa na vya Kisauni na Likoni, vinajaa. Mtu analipa kuona Chelsea, anagombana na nduguye kwa sababu ya Arsenal, na mita mia mbili kutoka hapo kuna uwanja ambapo kijana wa jirani anacheza ligi bila watu hamsini. Yule wa mbali hahitaji shilingi yako. Huyu wa karibu anakosa nauli ya kwenda mazoezini.

Kisha ikaja kamari. SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014, na kwa simu tu kijana aliweza kubeti akiwa kitandani. Ushabiki ukabadilika sura. Zamani mtu alikaa na timu yake ikishinda au ikishindwa. Sasa kuna anayeombea timu yake ifungwe kwa sababu ameweka pesa upande wa pili. Dini yetu imeshakata shauri juu ya kamari na sina haja ya kuongeza. Nawaeleza hesabu tu: kampuni hupanga malipo yake hivi kwamba wachezaji wote wakijumlishwa, wao ndio wanaotoa pesa na kampuni ndiyo inayobaki nazo. Mmoja akishinda jakpoti, picha yake inatangazwa nchi nzima. Maelfu waliomlipia hawatangazwi.

Na kandanda yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta huo huo. Kombe lililowapeleka Sharks kwa Everton lilikuwa la kampuni ya kamari, na jezi ya Everton ilikuwa na jina la kampuni hiyo hiyo. Mwezi ule ule wa Julai 2019 serikali ilikataa kuzipa upya leseni kampuni kadhaa za kamari katika mvutano wa kodi. SportPesa ikaondoa udhamini wake kwenye michezo ya Kenya, ligi na klabu kubwa zikabaki hazina mdhamini. Walioumia kwanza ni wachezaji wa timu ndogo, ambao mshahara wao ulikuwa mdogo tangu hapo. Mimi sisikitiki kuondoka kwa pesa za kamari. Nasikitika kwamba tulikubali mpira wetu utegemee mlango mmoja, tena mlango wa aina ile.

Nini kinabaki

Mzee Kadenge, pamoja na sifa zote zile, alikuja kuendesha teksi mjini Nairobi ili apate riziki. Kazi ya halali haina aibu. Aibu ni yetu sisi tuliokuwa tukilitumia jina lake kila siku kama msemo huku mwenyewe akipita mbele yetu akitafuta abiria. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Kadenge alicheza kwao, na utunzaji mkubwa alioupata ni kibao cha uwanja baada ya kufa.

Hata Mathare United imepita kwenye misukosuko. Bingwa wa 2008 alikosa pesa, akashuka daraja, mpaka akarudi tena ligi kuu mwaka 2024. Na bado wanyonge hawajachoka kutushangaza. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa mashindano ya CHAN ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Kenya ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, na ikawekwa kundi moja na Morocco na Congo, mataifa ambayo kila moja lilikuwa limeshalibeba kombe hilo mara mbili. Harambee Stars ikazifunga zote mbili 1-0, huku dhidi ya Morocco Kenya ikiwa na upungufu wa mchezaji mmoja uwanjani, ikaongoza kundi. Ilitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, Kasarani ikalia. Lakini wale wachezaji waliowashangilia walikuwa wa ligi yetu wenyewe, wale wale wanaocheza Jumapili mbele ya viti vitupu.

Kwa hivyo nasema hivi. Eastlands haikosi vipaji na haikukosa nyota. Inachokosa ni mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni ardhi: kila kiwanja cha mtaa kisicho na hati kinamezewa mate na mtu, na kiwanja kikishajengwa ghorofa hakirudi. Kamati za mtaa ziulize hati ziko wapi kabla waporaji hawajauliza. La pili ni njia kama ile ya MYSA, ambapo mtoto anapata karo kwa kazi aliyoufanyia mtaa wake, ili siku mguu ukivunjika asibaki mikono mitupu. La tatu ni sisi mashabiki kutoa pesa ya mlangoni kwa timu zetu badala ya kuipeleka kwenye simu ya kubeti.

Huku Pwani tusijione tuko mbali na hayo. Sisi ndio tuliokuwa na Feisal, bingwa wa Kenya mwaka 1965, na vijana wetu wengi leo wanajua majina ya wachezaji wote wa Liverpool ya Uingereza bila kujua hata mmoja wa Feisal. Uwanja wetu wa zamani wa Manispaa ulifungwa ili ujengwe upya, kazi ikakokota miaka kwa miaka. Bandari inachezea Mbaraki. Ikiwa nyumbani wikendi, mchukue mwanao, lipa kiingilio, umwonyeshe mchezaji mmoja na umwambie ametoka mtaa gani. Kisha mwache akuulize maswali.